Kodi ya Meza kwa Sauti ya Marehemu

Siku Santuri aliposikia sauti yake mwenyewe ikihutubia Bunge, hakuwa amevaa suruali.

Suruali ilikuwa kwenye cherehani, inatiwa zipu mpya na dada yake. Yeye alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, kajifunga kiunoni kitambaa cha mteja, anasubiri. Redio ndogo iliyotundikwa kwenye msumari ilikuwa ikirusha kikao cha Bunge moja kwa moja, na safu nzima ya mafundi cherehani ilikuwa imepunguza mwendo wa pedali ili isikie, maana Waziri wa Fedha alikuwa akitetea kodi ya meza. Kodi yenyewe haikuhitaji msomi kuielewa. Kila mwenye meza sokoni, iwe ya nyanya, ya saa mbovu au ya cherehani, angelipa kwanza ndipo akae.

Waziri alisema mengi, kisha akasema yeye ni mdogo, amwachie mkubwa aseme. Ukasikika mkwaruzo wa kanda ya zamani. Halafu ikaja sauti ambayo hakuna mtu mzima katika nchi ile asiyeijua: sauti ya Mwasisi, marehemu, aliyeleta uhuru, ambaye picha yake iko ukutani katika kila ofisi ya serikali, pamoja na zile ambazo angekuwa hai angezifunga.

"Kodi ya sokoni, ndugu zangu," ilisema ile sauti, "ni jasho la wengi linalorudi kwa wengi. Hata meza iliyo ndogo kuliko zote, nayo ina deni kwa taifa."

Bunge zima likalipuka kwa makofi. Nyuma ya pazia, Santuri alikishika kitambaa kiunoni kisimdondoke. Mpaka pale kwenye "ndugu zangu" alikuwa ni Mwasisi. Kuanzia "jasho" alikuwa ni yeye.

Santuri si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa redioni, kwa sababu ukimgusa tu, anatoa sauti ya yeyote unayemtaka. Kazi yake ilikuwa kuigiza sauti, na mwaka uliotangulia yeye na mtayarishaji wa vipindi, bwana mmoja mwenye mwili mwembamba na maneno manene, walikuwa wametengeneza mfululizo juu ya jambo ambalo ungedhani litawalaza watu usingizi: wanafikra na viongozi wa dunia wamefikiri nini kuhusu kodi. Watu hawakulala. Walimsikia mwanafalsafa wa nchi za baridi akisema kwamba bila dola binadamu wangetafunana, kwa hiyo kodi ni bei ya kutotafunwa. Walimsikia mwenzake akimjibu kwamba mali ya mtu ni mkono wake mwenyewe uliogeuka kitu, na anayeichukua bila ridhaa ni mwizi hata akiwa na muhuri. Walimsikia kadhi wa jangwani akieleza jinsi watawala wapya wanavyotoza kidogo wakapata kingi, na wanavyozeeka wakatoza kingi wakapata kidogo. Walimsikia mfalme aliyetoza madirisha mpaka raia wakaziba nyumba zao kwa matofali. Kwa kuwa hakuna aliye hai aliyewahi kuwasikia watu hao, Santuri alijigawia uhuru. Mwanafalsafa wa hofu alimpa sauti ya mwenye nyumba wake. Yule wa ridhaa alimpa sauti ya kinyozi. Hakuna aliyelalamika.

Na ili asimdanganye mtu, pale studio palikuwa na desturi yao. Kila sauti ya kuigiza ikimalizika, mtayarishaji aligonga glasi kwa kijiko mara moja, ting, na wasikilizaji walikuwa wameshafundishwa kwamba ting maana yake ni mchezo, aliyesema ni Santuri. Walikuwa waaminifu sana na ting yao. Ilipofika zamu ya Mwasisi ndipo walipoharibu.

Mfululizo kama ule bila Mwasisi ungekuwa harusi bila bibi harusi. Kwenye maktaba ya redio ilibaki kanda moja tu ambayo ndani yake Mwasisi aligusia kodi, hotuba ya kufungua soko, na ukungu ulikuwa umeila. "Kodi ya sokoni, ndugu zangu, ni," halafu mvumo kama wa maji ya bomba, basi. Mtayarishaji alimtazama Santuri, Santuri akamtazama mtayarishaji. Wakajaribu miisho mbalimbali. Kulikuwa na mmoja ambao Mwasisi alisema mwenye kingi atoe kingi na mwenye meza ndogo aachwe apumue. Mtayarishaji aliupenda kwa maana yake, lakini ulikosa uzito mwishoni, na Mwasisi alipenda kumaliza na neno zito. "Deni kwa taifa" likashinda. Naomba msomaji alione hilo vizuri, kwa sababu mimi hadi leo linanishinda kumeza: walichagua kwa mlio.

Halafu mtayarishaji akachukua kijiko, na mkono ukamwishia hewani. Sauti ile ilianza kweli. Nani angegonga glasi juu ya sauti halisi ya Mwasisi, kama anamwambia mzee wa watu kwamba anaigiza? Waliona ni utovu wa adabu. Wakaiacha bila ting, kwa heshima tu. Heshima hiyo ndiyo iliyokuwa sasa inapigiwa makofi Bungeni.

Santuri alichungulia kando ya pazia. Alitegemea kumkuta dada yake kakasirika, kwa sababu huyo dada, ambaye soko zima lilimwita Mama Pindo, ndiye aliyekuwa kiongozi wa mafundi na ndiye aliyewaahidi kwamba kodi ile haitapita. Wiki nzima alikuwa akitembea meza hadi meza akiwaambia wenzake wakae imara. Alikuwa na sababu. Meza ile ndiyo iliyomlea Santuri baada ya wazazi wao kufariki, ndiyo iliyomsomesha, na kodi ile ingekula faida yote kabla mwenyewe hajaonja. Aliwahi kusema wazi kwamba ikipita, yeye anafunga.

Mama Pindo hakuwa amekasirika. Alikuwa ametoa mguu kwenye pedali, mikono kaiweka mapajani kama mtu aliye msibani.

"Basi," aliwaambia wenzake. "Kama Mzee mwenyewe alisema, mimi ni nani nibishane naye? Tulipe. Asiyeweza, afunge kwa amani."

Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo lililomtoa Santuri nyuma ya pazia na kile kitambaa chake kiunoni, mbele ya wanawake wote wa safu ile, bila hata kukumbuka kuona aibu. Alimwambia dada yake kwamba aliyesema vile ni yeye. Wanawake wakacheka. Mama Pindo naye akatabasamu kidogo, tabasamu la kumvumilia mdogo wake, akamwambia akavae, huu si wakati wa mizaha, akabana pini zake midomoni arudi kazini.

Basi Santuri akasimama pale pale, akashusha kidevu, akasema yote tangu "ni jasho" mpaka "deni kwa taifa".

Pini zilizokuwa midomoni mwa Mama Pindo zilianguka. Cheko lilikatika kama lilivyoanza, na fundi mmoja wa nyuma alilitaja jina la Mungu taratibu. Msomaji ajue kwamba sauti ya Mwasisi ndiyo sauti ya kwanza Santuri kuiiga maishani mwake. Aliianza akiwa mtoto, chini ya meza hiyo hiyo, ili dada yake acheke wakati kazi imemlemea. Lakini ile ya nyumbani ilikuwa ya kuchekesha, na hii haikuchekesha hata kidogo. Ndiyo maana dada yake hakuitambua redioni.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Mama Pindo akauliza swali moja tu, kwa nini. Santuri akamweleza ukweli, kwamba lilisikika vizuri. Sijui kama kuna jibu ambalo lingemuumiza zaidi. Alimtupia suruali yake, zipu ikiwa nusu, akamwambia twende.

Walikwenda kwanza kwa mtayarishaji. Naye alikuwa amesikia, na walimkuta ameketi studio katikati ya mablanketi yaliyopigiliwa kutani, amejishika kichwa. Kanda ya asili ilikuwa imeshatupwa kwa sababu ya ukungu. Kilichobaki ni kipande chao, na kipande chao kilikuwa kimeungwa vizuri mno, kiungo hakisikiki. Aliwachezea mara kadhaa. Kisha akasema jambo lililomtia Santuri baridi: kwamba tangu asubuhi amekisikiliza sana, na sasa hata yeye hajui Mzee anaishia wapi na Santuri anaanzia wapi. Alisema haya akiwa na hofu ya kweli, si kwa kukwepa. Alikuwepo, kijiko mkononi, na bado alikuwa ameanza kuamini.

Kwa hiyo ushahidi uliobaki ulikuwa koo la Santuri. Kamati ya Bunge ilikuwa ikipokea maoni ya wananchi kabla ya kura, na kiongozi wa mafundi alikuwa na haki ya kusema na kuja na shahidi. Mama Pindo akamchukua mdogo wake kama shahidi.

Ukumbi wa kamati ulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, mikrofoni zilizoinamisha shingo, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo ya plastiki. Kabla yao alizungumza mhadhiri wa chuo kikuu aliyewapitisha wajumbe kwa wanafikra wote, yule wa bei ya kutotafunwa, yule wa ridhaa, yule kadhi wa jangwani, na Santuri aligundua, masikio yakimwaka moto, kwamba bwana yule bila kujijua anawanukuu kwa lafudhi zile za redioni, ya kinyozi na ya mwenye nyumba wa Santuri. Wajumbe walikuwa wakichezea simu. Mmoja alikuwa amelala kwa ustadi, macho wazi. Fikra za dunia nzima juu ya kodi zilipita katika chumba kile, wala hakuna aliyeinua kalamu.

Mama Pindo alipopewa nafasi hakuzunguka. Alisema maneno yaliyochezwa Bungeni si ya Mwasisi, ni ya mdogo wake huyu hapa, na bila maneno hayo kifungu cha meza hakina mguu wa kusimamia. Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti wa kamati, bwana mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimuuliza Santuri kama anaelewa kwamba kumdhihaki Mwasisi ni kosa. Santuri akasema anaelewa, na ndiyo sababu amekuja. Mwenyekiti akasema haya, tusikie.

Santuri aliisogelea mikrofoni. Alikuwa amepanga kitu rahisi. Angesema kwa sauti ile maneno ambayo Mwasisi hakuweza kuyasema kamwe, ili kila mtu aone kwamba ni mchezo, na mambo yaishe.

"Waheshimiwa," alisema, na ukumbi ukatulia ghafla. "Maneno yale ya meza, mimi sikuyasema."

Kiti kilikwaruza sakafu. Waziri mmoja mstaafu, mzee sana, mjumbe wa heshima wa kamati, aliyewahi kufanya kazi chini ya Mwasisi mwenyewe, alikuwa anajiinua kwa fimbo yake. Alisimama wima, mkono kifuani. Aliyekaa kando yake akaona haya kubaki ameketi, naye akasimama. Kisha mwingine. Yule aliyelala macho wazi aliamka na kujikuta amesimama. Askari wa mlangoni akabana visigino. Santuri alitazama nyuma yake, akidhani labda kuna mkubwa ameingia.

"Ulisema, Mzee," alisema waziri mstaafu, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi ndiye niliyekushikia mwavuli."

Santuri alimtazama usoni. Huyu mzee hakuwa mwongo, hilo lilionekana hata kwa kipofu. Alikuwa amekisikia kipande kile redioni, na redio ikaenda ikachimba ndani ya kumbukumbu zake, ikaweka pale mvua, mwavuli na meza. Na sasa alikuwa anambishia Mwasisi kwa ajili ya Mwasisi, anamwambia marehemu kwamba marehemu kasahau. Santuri alijaribu kusema kwa sauti yake ya kawaida kwamba jamani, huu ni mfano tu, lakini mwenyekiti alimtangulia.

Mwenyekiti ndiye aliyeokoa jahazi, au ndivyo alivyodhani. Alivaa miwani yake, akaisogelea mikrofoni. Hakuwa tena na ule upole wa kinafiki wa mwanzo. Alizungumza kama kijana aliyeitwa na babu yake.

"Basi tuchukulie kwamba hukusema," alisema. "Ungesema nini, Mzee? Kifungu hiki tukiache au tukifute?"

Santuri aliangalia mezani. Kalamu zote zilikuwa zimeinuliwa. Zile ambazo hazikuinuka kwa mwanafalsafa yeyote wala kwa mhadhiri, zilikuwa zimeinuka sasa, zinamngoja mtu aliyevaa suruali ambayo zipu yake ilikuwa bado nusu. Wote walikuwa wakijua yeye ni nani. Alikuwa amejitambulisha kwa jina, anuani na kazi, mbele yao. Walijua, na bado walikuwa wanangoja.

Akamgeukia dada yake. Mama Pindo, ambaye siku chache nyuma alikuwa amedondosha pini midomoni kwa mshtuko wa uongo ule, alikuwa ameisogelea meza, macho yamemtoka, na midomo yake ilikuwa ikitengeneza neno bila sauti. Kifuteni. Neno moja tu, kwa sauti ile, na meza ingebaki yake. Santuri aliliona vizuri kabisa.

Santuri akageuza macho. Wala hakuogopa kwamba wangekataa. Aliogopa kwamba wangekubali, na kesho wangemwita kwa ajili ya kodi ya chumvi, na keshokutwa kwa ajili ya vita.

"Mimi sijui Mzee angesema nini," alisema, na safari hii ilitoka sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya puani kidogo, sauti ambayo hata redioni hawakuwahi kuitumia. "Mzee amefariki. Mimi ninachojua ni kwamba dada yangu akilipa hii kodi, hana tena cha kula. Tafadhalini, muulizeni yeye. Yuko hapa."

Wajumbe wakaketi, mmoja baada ya mwingine, kama watu walioshtukia kwamba wamemsimamia mhudumu wa chai. Kalamu zikashuka. Waziri mstaafu alibaki amesimama peke yake akitazama huku na huko, mpaka mtu alipomvuta kwa mkono. Mwenyekiti akavua miwani, akasema ahsante, kamati imesikia, anayefuata.

Hawakumuuliza Mama Pindo kitu.

Kifungu kilipita kama kilivyo, bila koma kuguswa. Katika kukitetea mara ya mwisho, mjumbe mmoja alisema kwamba hata waliokuja kukipinga wameshindwa kukana kuwa maneno ni ya Mwasisi, na waziri mstaafu akatajwa kama shahidi wa macho. Santuri alisikia hayo kwenye ile redio ya msumarini, akashindwa hata kukasirika. Aliduwaa tu, kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua.

Mama Pindo alifunga kibanda bila maneno mengi. Alilegeza skrubu, akakiinua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza, akakifunga kwa shuka, na Santuri akakibeba begani mpaka nyumbani. Meza aliiacha. Njia nzima hakumlaumu. Walipofika, akafungua mlango, akasimama kizingitini kana kwamba kuna kitu amekisahau.

"Nikuulize," alisema. "Pale ukumbini, walikusimamia wewe?"

"Walimsimamia yeye, dada."

"Basi si ungekuwa yeye kidogo tu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayeuliza kwa nini hukupitia dukani wakati ulikuwa njia hiyo hiyo. Santuri alikuwa na majibu, alikuwa ameyapanga njiani, mazuri kabisa, juu ya uongo na sheria na nchi. Alifungua kinywa ayatoe. Uzito wa kile kichwa cha cherehani, chuma kilichowalisha maisha yao yote, ulikuwa begani, na kilichotoka hakikuwa jibu lake wala sauti yake.

"Nisamehe, binti yangu," ilisema sauti ya Mwasisi.

Na Mama Pindo, aliyemlea, aliyemfundisha kuvaa viatu, aliyejua kila kitu, alinyooka pale mlangoni, akashusha pochi yake mkononi, akainamisha kichwa.

"Hamna neno, Mzee," akasema.